Kwenu ni wapi? Njiani kutoka Lubumbashi mpaka Kolwezi

Njia ya kutoka Lubumbashi kwenda Kolwezi tunaijua wote. Ni kilometa 300 hivi, na Likasi iko kati, kilometa 120 kutoka Lubumbashi. Zamani watu wengi waliipita kwa treni, na mtu alipata wakati wa kumuuliza jirani yake jina, hesabu ya watoto na kazi ya bwana wake. Mwezi huu tunawapitisha tena njia hiyo, lakini si kwa kutazama milima na mashamba ya mahindi. Tunatazama majina. Maana katika miji yetu hii ya shaba, kijana akipeleka dosye ya kuomba kazi, mara nyingi jina lake linasomwa mbele ya diploma yake.

Lubumbashi si mji uliozaliwa na kijiji kimoja. Ulianza mwaka 1910, wakati reli kutoka Rhodesia ilipofika. Union Minière ilikuwa imeundwa miaka mine mbele, mwaka 1906. Shaba ilikuwa tele, lakini watu wa kazi walikosekana. Vijiji vya karibu vilikuwa na watu wachache, na wengi hawakutaka kuacha mashamba yao kwa kazi ya moto na moshi. Basi mwaka uleule wa 1910 wazungu waliunda Bourse du Travail, biro ya kutafuta watu mbali. Waliwaleta kutoka Rhodesia ya Kaskazini, ndiyo Zambia ya leo. Makarani walitoka Nyasaland, sababu kule walikuwa wamekwisha kusoma ku misioni. Wengine walitoka Lomami na Kasai. Tangu 1925 wengine tena waliletwa kutoka Ruanda-Urundi. Na mwaka 1928, reli ya BCK ilipofika Port-Francqui, tunapoita leo Ilebo, njia ya Kasai ilifunguka kabisa.

Wakati huohuo Kampani ilibadili mpango. Mbele, mtu alikuja peke yake kwa miezi michache, kisha akarudi kwao, ao akafia kazini. Sasa aliombwa kuleta muke. Alipewa nyumba mu kampi, posho, hospitali, na masomo ya watoto mikononi mwa mapadri na masista. Kampani ilitaka watoto wa wafanyakazi wawe wafanyakazi pia. Hivyo walizaliwa watu ambao kijiji chao ni namba ya nyumba. Hata Kiswahili hiki tunachokiandika kilitoka mbali, upande wa mashariki, kikapata nguvu mu kampi kwa sababu Mubemba, Muluba na mtu wa Ruanda walihitaji lugha moja ya kazi. Kiswahili hakuna anayekiuliza kwao ni wapi.

Tunafika Likasi, mji ulioitwa Jadotville wakati wa Wabelgi. Ukishuka karibu na gare, utaona pahali pa kawaida tu: reli, ukuta, wamama wenye kuuzisha. Mtoto wa leo hawezi kujua kama mwaka 1992 watu maelfu na maelfu walilala hapa inje, miezi mizima, wakingoja treni.

Mambo yalianza mbali. Mwaka 1957, katika uchaguzi wa kwanza wa miji, mabourgmestre weusi waliochaguliwa Elisabethville wote walikuwa watu waliotoka inje ya Katanga. Wenyeji wakashikwa na woga, na mwaka 1958 wakaunda chama cha Conakat. Uchungu wao haukuwa wa bure, tuseme ukweli. Watu wa Kasai walikuwa wengi katika makazi ya biro na masomo, na mwenyeji wa inchi aliona utajiri wa udongo wake ukipita mbele ya mulango wake bila kuingia. Lakini uchungu ulipewa dawa mbaya. Wakati wa Katanga kujitenga, toka 1960 mpaka mwanzo wa 1963, Waluba maelfu walikimbilia kampi ya wakimbizi palepale Elisabethville.

Kisha miaka thelathini ikapita, watu wakaoana, wakabatiza pamoja, wakazikana. Tarehe 15 Agosti 1992 Conférence Nationale ilimchagua Étienne Tshisekedi, mtu wa Kasai, kuwa Waziri wa Kwanza pahali pa Nguz Karl-i-Bond, mtu wa Katanga. Gavana wa jimbo, Kyungu wa Kumwanza, alikuwa akihubiri tangu mbele kama Katanga ni ya Wakatanga, kazi zake pia. Likasi ikawaka moto. Watu wa Kasai waliitwa bilulu, ndiyo kusema wadudu. Nyumba zilinyanganywa, wafanyakazi walifukuzwa ku kazi zao. Mwezi wa Machi 1993 ikawa zamu ya Kolwezi. Watu mamia ya maelfu walipanda mabehewa ya mizigo, wakapita Tenke, Bukama, Kamina, mpaka Mwene-Ditu. Wengi walikufa njiani na mu magare kwa njaa na magonjwa, zaidi sana watoto.

Mzee mmoja aliyefanya kazi Shituru alituambia maneno haya, nasi tunayaacha sawa alivyoyasema: «Nkambo yangu alikuyaka na treni, bazungu njo balimuleta. Baba alizaliwa ku Panda. Miye nilizaliwa ku Panda. Mu 92 bakaniambia: rudia kwenu. Nikauliza, kwetu wapi? Bakanionyesha gare.» Tukamuuliza kama alipanda. «Nilipanda, mwana. Nikarudia mu 97, sababu kule nako bananiita mutu wa Katanga.»

Na kazi zilizoachwa? Walioahidiwa kuzipata walipata nini? Tusisahau kama mwezi wa Septemba 1990 shimo la Kamoto lilikuwa limebomoka. Gécamines, iliyotoa karibu tani 470 000 za shaba kwa mwaka katikati ya miaka ya 80, mwaka 1993 haikufikisha 50 000. Sababu zilikuwa nyingi: deni, mashini zisizotengenezwa, uporaji. Kufukuza mainjinia, waalimu na wafanya-nganga hakukuponya hata moja. Mwaka 2003 na 2004, wakati wafanyakazi zaidi ya 10 000 walipopewa mfuko wa mwisho na kurudishwa nyumbani, barua za kuaga zilifika kwa makabila yote bila kubagua.

Kutoka Likasi, tupinde kidogo kaskazini, twende Bunkeya. Pahali hapa paliketi Mwami Msiri, mfalme wa Bayeke, aliyeuawa na watu wa Wabelgi tarehe 20 Desemba 1891. Msiri alitoka wapi? Alitoka Unyamwezi, katika Tanzania ya leo. Alikuja kwa biashara, akakaa, akatawala. Leo ukisema Muyeke si mtu wa Katanga, watu watakucheka. Godefroid Munongo, mmoja wa waanzilishi wakubwa wa Conakat na waziri wa ndani wa Katanga ya Tshombe, alikuwa mujukuu wa Msiri. Hatusemi hivi kwa kumchokoza mtu. Tunauliza tu: mtu aliyefika na msafara wa pembe za ndovu amekuwa mwenyeji, na aliyefika na treni ya Kampani angali mgeni, inahitaji miaka mingapi?

Wazee wetu wenyewe walijibu zamani. Baluba wanasimulia kama baba ya Kalala Ilunga, Mbidi Kiluwe, alikuwa muwindaji aliyetoka mbali. Balunda nao wanasimulia kama Chibinda Ilunga, muwindaji wa Kiluba, aliolewa na malkia wao Ruwej, ao tuseme vizuri, alimuoa. Katika masimulizi yote mawili mgeni njo anazaa ufalme.

Sasa tuko barabarani kwenda Fungurume, vumbi na makamio mbele na nyuma, tupate nafasi ya kuongea juu ya majina yenyewe. Wakubwa wengi wa makazi wanadhani wanajua kusoma jina. Likianza na Tshi-, wanasema: huyu ni wa Kasai. Lakini Moïse Tshombe alikuwa Mulunda, mtoto wa Katanga. Ilunga, Mutombo, Kasongo, Kazadi: majina hayo yako Mbujimayi, yako pia Kamina na Kabongo. Tazama mapasa. Kwa Waluba wa Kasai, wa kwanza ni Mbuyi na wa pili ni Kabanga. Kwa Waluba wa Katanga, wa kwanza ni Kyungu na wa pili ni Kabange. Kabanga, Kabange! Herufi moja tu, na mtu anaweza kuingia ao kubaki inje.

Wanaosoma Biblia wamekwisha kukumbuka Waamuzi, sura ya 12. Watu wa Gileadi walikamata vivuko vya Yordani, na kila aliyetaka kupita waliambia atamke neno moja, Shibolethi. Aliyesema Sibolethi alijulikana kuwa Muefraimu, akachinjwa palepale. Walikufa 42 000. Na wote wawili, aliyeuliza na aliyejibu, walikuwa wana wa Israeli.

Kolwezi leo ni mji wa kobalti. Mbele ya milango ya makampani na ya wale wanaowatafutia watu, vijana wanasimama tangu saa kumi na mbili ya asubuhi, kila mmoja na farde yake. Hakuna anayeandika ku mulango kama kabila fulani haliingii. Namna ni nyingine. Dosye inapotea. Nafasi inajaa. Ao mtu anauliza swali dogo. Binti mmoja wa komini ya Manika, aliyesoma umeme, aliulizwa na karani:

«Mwana, baba yako ni mutu wa wapi?»

«Wa hapa, papa. Alizaliwa ku Musonoi.»

«Hapana. Nauliza kwao.»

«Kwao njo Musonoi.»

«Na nkambo?»

Akasema Kabinda. Karani akaandika kitu kidogo na bic juu ya farde, akamwambia atapigiwa simu.

Tangu mwaka 2015, Katanga ilipokatwa majimbo mane, mviringo umezidi kuwa mdogo. Sasa hata kijana wa Haut-Lomami ao wa Tanganyika, ambaye wazazi wake waliimba kama Katanga ni yao, anaambiwa Kolwezi kama hii ni Lualaba. Kesho itakuwa territoire, kesho kutwa kijiji.

Tunajua jibu la wenyeji, na halifai kutupwa. Wanasema: shamba langu limekuwa shimo, mto wangu umeharibika, na kazi wanapewa watu wa mbali wenye ndugu ndani ya biro. Ni kweli, na anayeletwa na mjomba wake kwa kuruka foleni anaiba sawa na yule anayefunga mulango. Kanuni ya machimbo iliyobadilishwa mwaka 2018 inadai makampani yawe na mapatano na jamaa zinazokaa karibu na machimbo. Lakini haki hiyo inatoka kwa madhara, haitoki kwa damu. Binti wa Manika na jirani yake Musanga wanapumua vumbi moja, wanateka maji pahali pamoja.

Vijana wengine wanatafuta ujanja. Wanabadili herufi, Tshi- inakuwa Ki-, ao wanaandika jina la ubatizo na la mama tu. Hatutawahukumu, njaa ina meno. Lakini mujue hatari yake. Diploma ya Serikali ina jina moja, karte ya uchaguzi lingine, kitabu cha kazi la tatu. Miaka thelathini nyuma, mtu huyo anaenda CNSS, ile ya zamani INSS, kudai pensheni, na wanamwambia aliyefanya kazi si yeye. Mjane wake atateseka zaidi.

Afazali kujua sheria. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, kifungu cha 13, inakataza kumbagua Mukongomani kwa ajili ya kabila lake ao jamaa alimozaliwa. Kifungu cha 36 kinasema wazi kama mtu asizulumiwe katika kazi yake juu ya asili yake. Kanuni ya kazi ya mwaka 2002 nayo inakataa kabila kuwa sababu ya kumfukuza mtu. Pahali pa kulalamika ni Inspection du Travail. Andika tarehe, saa, maneno uliyoulizwa, na jina la aliyekuwa pembeni yako akisikia. Bila karatasi hakuna atakayekusikiliza.

Na sisi wa Kanisa, tusijifiche nyuma ya madhabahu. Masomo ya parokia na dispanseri zinaajiri watu pia. Ni mara ngapi komite inatafuta mwalimu ao mulinzi, na mtu ananongona: ni wa wapi huyo? Parokia inaweza kufanya jambo rahisi. Katibu akate kipande cha karatasi, afunike jina na jimbo la asili juu ya kila dosye mbele komite haijakaa, kusudi wasome masomo na kazi alizofanya mtu. Majina yafunuliwe kura ikiisha kupigwa. Kipande cha karatasi hakina bei.

Binti wa Manika hakupigiwa simu. Aliandika barua yake kwa Inspection, kurasa mbili, mama wa jirani aliyekuwa naye ku foleni akatia mukono pia. Akaipeleka mwenyewe, akaomba kopi yenye muhuri. Kwa sasa anatengeneza mataa na maredio nyumbani kwao, na barua ingali inangoja jibu.