Kopo la oili lilivyoniumbua

Msomaji wangu, leo nataka kutubu. Wengine hutubu kanisani, wengine msikitini, mwenzenu natubu hapa hapa gazetini, maana dhambi yenyewe nusura niifanye mchana kweupe, tena kwa kutumia kopo.

Nina gari yangu, Toyota Corolla, ile tunayoiita 110, injini 5A. Gari hiyo imenitoa kimasomaso miaka mingi. Imebeba wagonjwa, imebeba maharusi, imebeba mpaka mbuzi wa Idi. Lakini gari ni kama binadamu, ikifika umri huanza vimaradhi vyake. Yangu ikaanza kula oili. Asubuhi nikiwasha, nyuma linatoka wingu la buluu, majirani zangu wa Tabata wanakimbilia kufunga madirisha. Mama mmoja akanikejeli, "Baba, siku hizi umeajiriwa kupuliza dawa ya mbu?"

Nikaipeleka gereji. Fundi akaisikiliza, akatoa plagi, moja ikatoka imelowa oili chapachapa. Akatikisa kichwa kama daktari mwenye habari mbaya. "Bosi, injini imechoka. Hapa ni kufungua, kubadili ringi na sili za valvu. Andaa milioni moja na laki mbili."

Milioni moja na laki mbili! Mshahara wenyewe unaujua, ukiingia tu unaaga. Nikapiga hesabu za mjini: kwa nini nitengeneze, wakati naweza kuuza?

Mnunuzi alipatikana haraka. Mtaa wa pili kuna mwalimu mstaafu, mzee wa watu, kiinua mgongo chake kilikuwa ndiyo kinakaribia kutoka. Alitaka gari ya kufanya taksi, imlishe uzeeni. Nikamwamkia, "Shikamoo Mwalimu," akaitikia, tukazungumza bei, milioni tano. Halafu akaniuliza kwa upole, "Kijana wangu, gari haina tatizo?"

Nikajibu bila kupepesa macho, "Mwalimu, hiyo ni chuma!"

Akacheka, akaniambia nimpe wiki tatu pesa zake zitoke.

Sasa moshi nitauficha wapi? Hapo ndipo alipoingia shemeji yangu, kaka yake mama watoto, mtu anayejua kila kitu na hana cheti cha chochote. Akaniambia, "Shem, usihangaike. Unafunga kopo la kudakia oili. Moshi unapungua, unauza, unasahau."

Ngoja nikueleze, maana jambo lenyewe si uchawi. Ndani ya injini, petroli inapolipuka juu ya pistoni, si mvuke wote unaosukuma pistoni ukaishia kwenye eksozi. Kiasi fulani hupenya pembeni ya ringi, kikashuka chini kunakokaa oili. Hata injini mpya inapenyeza kidogo, iliyochoka inapenyeza sana. Mvuke huo umebeba petroli, maji na oili iliyopondeka kuwa kama ukungu. Usipopewa njia ya kutoka, injini itavimbiwa.

Magari ya zamani yalikuwa na bomba la kuutema mvuke huo barabarani, kila mtu avute kivyake. Mwaka 1961 wakubwa wa jimbo la California, Marekani, wakaagiza magari yafungwe mtambo wa kuurudisha ndani ya injini ukaungue, kwa sababu hewa ya Los Angeles ilikuwa haivutiki. Ndiyo maana juu ya injini yako kuna kivalvu kidogo chenye mpira unaokwenda kwenye manifoldi ya kuvutia hewa, na mpira wa pili unaokwenda kwenye njia ya hewa safi. Ubaya ni kwamba mvuke ukirudi na oili nyingi, nayo inaungua, na huko nyuma unatoka moshi. Kopo linakaa katikati ya safari hiyo, linadaka oili, linaacha hewa ipite. Magari ya mashindano yanalijua siku nyingi. Sheria za FIA zinataka gari inayopumulia nje iwe na chombo cha kudakia oili, lita mbili kwa injini isiyozidi sisi 2000, lita tatu kwa injini kubwa zaidi.

Basi bwana, shemeji akaleta kopo lake. Kopo gani? Chupa ya plastiki ya maji ya kunywa! Akatoboa kizibo, akapitisha mipira miwili, akaziba na gundi. Nikawasha gari. Manifoldi ikavuta, chupa ikanywea, ikajikunja kama karatasi. Gundi ikaachia, hewa ikaanza kuingia pasipotakiwa, sailensa ikawa inapanda inashuka kama pumzi za mtu mwenye homa.

"Dawa ni kuacha kuvutwa," akasema bingwa. Akauchomoa mpira wa kwenye manifoldi, tundu la pale akaliziba. Mpira wa kwenye kivalvu akauingiza kwenye dumu gumu la lita moja lenye kifuniko cha kukaza. Mpira wa pili, ule wa hewa safi, akauchomekea boliti. Yaani injini akaifunga pua na mdomo, halafu akaniambia niijaribu barabarani.

Nikatoka Tabata kwenda Kariakoo. Moshi hakuna! Nikaanza kupiga mluzi. Nilipofika Buguruni kwenye foleni nikasikia harufu ya kuungua, halafu moshi ukaanza kutoka mbele, chini ya boneti. Konda wa daladala ya jirani akapiga kelele, "Mzee, unaungua!" Nikaruka nje, sijui hata breki ya mkono niliivuta saa ngapi. Kufungua boneti, loo! Dipstiki, kile kijiti cha kupimia oili, imetemwa kwenye tundu lake kama mshale. Oili imetapakaa injini nzima, nyingine inachemkia kwenye eksozi. Trafiki akaja, akachungulia, akaliona dumu. Akaniuliza, "Hii ni gari au ni kiwanda cha gongo?"

Bahati yangu ni ile dipstiki. Mkandamizo ule ungeweza kutafuta njia kwenye sili ya krenki ya nyuma, na hiyo kuibadili ni mpaka ushushe giaboksi. Nikachomoa boliti, nikaongeza oili, nikarudi nyumbani mdogo kama piriton. Shemeji nilimkuta ameshakula chakula changu.

Kesho yake nikaenda Gerezani kwa mafundi bati, kule wanakogonga chuma kutwa nzima. Nikampata mzee mmoja mwenye miwani iliyofungwa na uzi. Nikamsimulia yote, akacheka mpaka akaweka nyundo chini. Kisha akaniambia neno ambalo nalikumbuka mpaka leo: "Mwanangu, kitu kinachopumua usikizibe. Ukikiziba, kitatafuta pengine pa kutokea."

Mzee akachukua chupa ya chuma isiyoshika kutu, zile za kubebea maji ya baridi. Juu akachomelea vibomba viwili. Cha kuingilia akakishusha ndani mpaka zaidi ya nusu, cha kutokea akakiacha kifupi, juu kabisa. Maana yake, mvuke ukiingia lazima ushuke, ugeuke, ndipo upande kutoka, na kwenye kugeuka ndipo oili, kwa kuwa ni nzito, inabaki. Katikati akajaza waya wa kusugulia masufuria, ule mnene usioshika kutu. Ule mwembamba wenye nyuzi kama manyoya akaukataa, eti nyuzi zitakatika, zitavutwa na injini, na hapo utalia. Kwenye tundu la kutokea akaweka wavu. Chini akachomelea nati na boliti ya kumwagia.

Mipira nikanunua Kariakoo, ile inayostahimili oili na petroli. Ya maji hulainika ikakunjamana. Klipu nne, pati moja ya kuning'inizia chupa mbele karibu na rejeta, mbali na joto la eksozi. Jumla yote, pamoja na soda ya mzee, shilingi elfu arobaini na tatu. Kivalvu nacho nikakitoa nikakitikisa. Kizima kinatakiwa kulia kachakacha. Changu kilikuwa kimya kama mdaiwa, kimeganda masizi. Nikaweka kipya.

Safari hii gari ilitulia. Sailensa imekaa, harufu hakuna, na ule moshi wa asubuhi ukapungua kiasi cha mtu asiyejua kutouona. Mama watoto akanipongeza. Shemeji akadai asilimia yake.

Baada ya kilomita 500 nikafungua boliti ya chini na kukinga gilasi. Kikatoka kitu rangi ya chai ya maziwa, oili na maji yamechanganyika, kinanuka petroli, kama nusu kikombe cha kahawa. Nikafurahi, nikasema ndio ugonjwa huu umetoka. Halafu nikachomoa dipstiki. Oili ilikuwa imeshuka karibu na alama ya chini!

Nikakaa juu ya tairi nikafikiri. Kilichodakwa ni nusu kikombe cha kahawa, kilichopotea ni vikombe vingi. Nyingine imekwenda wapi? Imeungua, inapita kwenye ringi na sili za valvu moja kwa moja, haiji kabisa kwenye kopo. Kopo halikuponya kitu. Lilikuwa limefunga kitambaa safi juu ya kidonda, na mimi mwenyewe nilikuwa nakipima kidonda hicho kila wiki kwa gilasi, kwa hiyo siwezi kusema sikujua. Fundi wa gereji alikuwa amesema kweli tangu siku ya kwanza. Mimi nilitaka asiwe amesema.

Siku ya Mwalimu ikafika. Kaja Jumamosi asubuhi amevaa kanzu safi, bahasha kaibana kwapani. Shemeji ameshaiosha gari mpaka inameremeta. Mwalimu akazunguka, akapiga teke tairi, akaniomba niwashe. Nikawasha, moshi hauonekani. Akafungua boneti, akasimama muda mrefu. Halafu akanyoosha kidole.

"Kijana wangu, hiki kichupa ni cha nini? Gari ya mwenzangu haina."

Shemeji akadakia, "Hiyo ni ya kisasa, Mwalimu! Inaongeza nguvu!"

Nikamtazama yule mzee. Miaka zaidi ya thelathini anafundisha watoto wa watu kusoma, kiinua mgongo chote kiko ndani ya bahasha ile, na bahasha ile haiji mara mbili. Ulimi wangu ukawa mzito. Nikachukua gilasi, nikainama, nikafungua boliti, mchuzi ukashuka. Nikachomoa dipstiki nikamwonyesha.

"Mwalimu, nilikudanganya. Inakula oili. Kopo hili linapunguza moshi tu, maradhi yako ndani."

Shemeji alinitazama kama mtu aliyeona mwizi akijipeleka kituo cha polisi.

Mwalimu hakukasirika. Aliita fundi wake, wakapima kompresheni mbele yangu. Silinda tatu zikalingana, moja ikawa chini. Wakadondosha oili kidogo kwenye tundu la plagi ya ile mbovu, wakapima tena, sindano ikapanda. "Ringi," akasema fundi. "Oili imeziba kwa muda, ndiyo maana imepanda." Mwalimu akashukuru, akaibana bahasha yake kwapani, akaondoka nayo. Mwezi uliofuata alinunua gari nyingine.

Nyumbani nilinuniwa siku nne. Mama watoto alikuwa ameshapanga bajeti ya milioni tano mpaka na mapazia. Ilinichukua miezi saba ya kujinyima, mchezo wa ofisini na mkopo kidogo, kuifungua ile injini. Ringi zikabadilishwa, sili za valvu zikabadilishwa, na kopo langu nikalirudisha pale pale. Sasa kwa kilomita 500 napata matone ya kulowesha kidole tu, na dipstiki haishuki sana. Hapo ndipo nilipojua kazi yake halisi. Kopo ni kama kipimajoto, halitibu homa, linakwambia unayo. Ukiwa nalo, limwage mara kwa mara, na mchuzi wake usiutupe mtaroni, peleka gereji kwenye pipa la oili chafu.

Wahenga walisema mficha maradhi kilio kitamuumbua. Mimi nilitengeneza kopo la kuficha, likaniumbua lenyewe, tena kabla ya kilio cha mtu mwingine. Mwalimu siku hizi akitaka ushauri wa gari yake anakuja kwangu, si kwa fundi. Anasema, "Wewe ndiye uliyeniambia ukweli ukijua utakosa pesa." Nikimwitikia naona haya, maana anasahau kwamba nilianza na uongo.

Shemeji? Bado yupo. Juzi kaniambia anajua namna ya kurudisha nyuma kilomita za gari. Nimemwambia ale chakula, anyamaze.