Ile posti nilifuta, na sababu ni hii

Wasee, leo hakuna vichekesho.

Mwaka jana kakangu alianguka na boda pale Gede. Helmeti anayo, lakini ilikuwa imening'inia kwenye usukani. Kichwa kikapiga lami. Hospitali wakampa fenitoini siku saba, halafu basi. Mamangu akauliza, "Yaani wametuchoka?" Mimi na simu yangu nikaposti kulalamika. Laiki kibao.

Kumbe nilikosea. Mi niliacha chuo, si daktari, lakini nesi mmoja alinikalisha akanieleza. Wiki ya kwanza ubongo umevimba. Akishikwa na kifafa wakati huo, ubongo unataka oksijeni zaidi na presha ndani ya fuvu inapanda. Dawa inazuia hapo. Nikaenda kuchimba mwenyewe: kuna utafiti wa Marekani, 1990, walipima fenitoini hiyo hiyo. Wiki ya kwanza ilisaidia sana. Baada ya hapo haikuzuia kifafa cha baadaye. Kwa hivyo kummezesha mwaka mzima "labda itasaidia" ni kumbebesha kizunguzungu na fizi kuvimba bure. Si chanjo.

Miezi mitano baadaye akaanguka jikoni, anatetemeka, povu mdomoni. Binamu akakimbilia kijiko amtie mdomoni. Jirani akasema ni nyuni, apelekwe kwa mganga. Manake alikuwa ashapona, si ndio?

La. Kovu la ubongo linaweza kuleta kifafa miezi, hata miaka, baada ya ajali. Watafiti wa KEMRI hapo Kilifi wamechunguza kifafa miaka mingi, na kuumia kichwa kumo kwenye orodha ya visababishi.

Tulimrudisha hospitali. Sasa anameza dawa kila siku, na hii ni tofauti na zile siku saba: kifafa kipo, dawa inakizuia kisirudi. Haruki hata siku moja, wala haachi ghafla. Boda ameuza. Baharini haingii peke yake. Mtoto wa Watamu huyo, fikiria.

Kwa hivyo ukiona mtu ameshikwa: mlaze ubavu, usimtie kitu mdomoni, ikipita dakika tano kimbiza hospitali. Na yeyote aliyewahi kuumia kichwa vibaya akianza kuzubaa au kuanguka, asingoje, arudi kwa daktari.

Helmeti yake bado iko hapa nyumbani, haina hata mkwaruzo. Vaa yako. Abiria pia.