Siku tatu Hanang: ngano, maziwa na makaburi ya wazee

Sikukuu inapoangukia Ijumaa, familia nyingi za Arusha zenye uwezo wa kusafiri huelekea Tanga au Unguja. Bahari ina wapenzi wake, wala hatuwalaumu. Sisi tulishika njia ya upande wa pili. Nane Nane ya mwaka 2025 ilikuwa Ijumaa, ikatupa siku tatu mfululizo, nasi tukaona kwamba sikukuu ya wakulima yafaa kupitishwa huko inakolimwa ngano ya chapati zetu. Tukaondoka Alhamisi jioni, watu wazima wanne na watoto watatu, tukalala Babati. Asubuhi yake tukaingia wilaya ya Hanang.

Kutoka Babati hadi Katesh ni mwendo wa kama kilomita 75 za lami, kwenye barabara iendayo Singida. Mlima Hanang humtokea msafiri mapema, umesimama peke yake juu ya tambarare, kilele chake kikiwa na urefu wa zaidi ya meta 3,400. Ni mlima wa volkano iliyolala, na udongo wake mweusi ndio uliowavuta wakulima wa kila namna. Watoto walitazamia theluji. Hakuna theluji, ila baridi ya Agosti ipo, na asiyechukua sweta atajuta kabla ya adhuhuri.

Ijumaa haimlazimu msafiri, lakini tulisali na jamaa wa Katesh, kisha tukala kwa mama lishe aliye karibu na stendi. Kwa wenye kuuliza juu ya nyama: tuliuliza nani aliyechinja, tukajibiwa bila kununa, tukala. Chapati zilikuwa nene kuliko za mjini kwetu, na chai ilikuwa maziwa matupu yaliyopitishiwa majani kidogo. Mmoja wa watoto alikula chapati nne, hatukumzuia.

Baada ya chakula tulitembea kuelekea miguuni mwa mlima. Jumapili ya tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, sehemu ya mlima huu iliachia. Tope, mawe na magogo vilishuka asubuhi juu ya Katesh, Gendabi na Jorodom, na watu zaidi ya 80 wakafariki dunia. Mwenyezi Mungu awarehemu waliotangulia na kuwapa subira waliobaki. Kijana aliyetuongoza alisema maneno machache tu. Alituonyesha mahali lilipokuwa duka, kisha mahali ilipokuwa nyumba, kisha akanyamaza, nasi tukanyamaza pamoja naye. Majani yalikuwa yameanza kuota kati ya mawe makubwa kama magari. Yuko mtu atakayepiga picha hapo huku akicheka. Tunamwomba afikirie mara mbili.

Jumamosi tuliiacha lami tukafuata njia ya vumbi kuelekea nyanda za Basotu. Hapo ndipo ngano. Mashamba hayaishi machoni. Mengine yalikuwa yamekwisha kuvunwa, mengine kombaini ilikuwa bado inatembea huku wingu la vumbi likiifuata nyuma. Ni mandhari nzuri, tusifiche. Lakini anayejua historia yake huitazama kwa macho mawili.

Nyanda hizi zilikuwa malisho ya Wadatoga, hasa wale waitwao Wabarabaig. (Jina la Mang'ati ambalo wengi wetu tumezoea kulitumia lilitokana na Wamasai, nalo maana yake ni adui. Qur'ani imetukataza kuitana kwa majina ya kejeli, basi tuwaite watu kwa jina lao.) Wafugaji hawa walikuwa na utaratibu wa kuhama na mifugo kwa majira, na malisho ya Basotu yalikuwa na zamu yake katika mzunguko huo. Kuanzia miaka ya 1970, Shirika la Taifa la Kilimo na Chakula, NAFCO, kwa msaada wa Kanada, lilifungua hapo mashamba makubwa saba ya ngano, zaidi ya ekari 70,000 kwa jumla. Taifa lilihitaji mkate, na ardhi isiyo na jembe ilionekana kama ardhi isiyo na mwenyewe.

Wanakijiji wa Mulbadaw walikwenda mahakamani. Mwaka 1984 Mahakama Kuu iliwapa ushindi. Mwaka uliofuata Mahakama ya Rufani ikautengua, na miongoni mwa sababu zake ilikuwa kwamba walalamikaji hawakuthibitisha kuwa ni wenyeji kwa maana ya sheria. Tuliwasomea watoto habari hiyo garini. Binti yetu wa miaka kumi na mmoja akauliza, "Sasa wenyeji walikuwa akina nani?" Hakupata jibu kutoka kwetu. Miaka ya baadaye NAFCO iliyaachia mashamba hayo. Baadhi yakarudi kwa wananchi, mengine yakaenda kwa wawekezaji.

Jambo lililotugusa zaidi ni makaburi. Mzee mwenye heshima wa Kidatoga huzikwa kwa taratibu ndefu iitwayo bung'ed. Ukoo hukusanyika, na kwa muda wa miezi kadhaa kaburi hujengwa na kupandishwa kwa udongo na miti hadi liwe kichuguu kirefu kuliko mtu. Yapo mambo katika sherehe hiyo ambayo dini yetu haiyakubali, pombe ya asali ikiwa mojawapo, wala si lazima tuyafiche ili tuwe wageni wema. Lakini trekta zilipoingia, makaburi kadhaa ya namna hiyo yalilimwa pamoja na majani. Sisi ambao Mtume wetu (S.A.W.) ametukataza hata kukaa juu ya kaburi tunaelewa bila mkalimani maana ya jembe la chuma kupita juu ya baba wa mtu.

Kutoka huko tulikwenda Getanuwas, kwenye boma moja ambalo mwenzetu mfanyabiashara wa ng'ombe analifahamu. Tulipokewa na mzee aliyevaa shuka na kushika fimbo, na mkewe mwenye bangili za shaba hadi karibu na viwiko. Mzee alituita wanangu, nasi tukamwamkia shikamoo baba. Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko tulivyostahili. Akataka kutuchinjia mbuzi. Mwenzetu akamweleza kwa adabu kwamba sisi hula kilichochinjwa kwa jina la Mungu na mkono wa Mwislamu. Mzee hakuona ajabu. "Basi kunyweni maziwa," akasema, "maziwa hayana mchinjaji."

Mama akatuletea kibuyu cha maziwa mgando. Kibuyu hicho husafishwa kwa kijinga cha moto, na harufu ya moshi hubaki ndani yake. Maziwa yalikuwa mazito, machachu kidogo, yenye chembe nyeusi za mkaa. Watoto walisita, wakaonja, wakaomba tena. Tumeonja mtindi wa kopo wa kila aina na hatujakutana na unaokaribia huo.

Tulimuuliza mzee kuhusu makaburi. Alielekeza fimbo upande wa nyanda na kusema kwamba babu yake amelala huko, na kwamba akiwa kijana alijua njia ya kufika kwa kutazama mti. "Mti haupo sasa," alisema. "Najua upande tu." Kisha akauliza bei ya ng'ombe Arusha.

Tulisali adhuhuri na alasiri chini ya mgunga, tukifupisha na kukusanya kama ilivyo ruhusa ya msafiri. Watoto wa boma walisimama pembeni kimya mpaka tukatoa salamu.

Jumapili ilikuwa siku ya Ziwa Basotu. Tofauti na Balangida, ziwa la chumvi lililo upande wa kaskazini wa mlima ambalo hukauka kiangazi na kubaki jeupe, Basotu ni la maji baridi, limekaa katika bonde la volkano ya kale. Wavuvi walikuwa wamerudi na perege. Tulinunua wanane wakiwa bado wanaruka, wakakaangwa hapohapo kwa mafuta ya alizeti, wakaliwa kwa ugali, chumvi na pilipili. Chakula hiki hakikuhitaji swali lolote juu ya uchinjaji.

Kabla ya kurudi barabara kuu tulinunua debe la ngano nzima kwa mkulima mdogo. Alituambia shamba lake ni kipande cha lile la zamani la serikali. Tulipomuuliza kama humo mna makaburi, alitikisa kichwa, kisha akasema kwamba iko sehemu moja iliyoinuka ambayo yeye huizunguka kila anapolima, kwa sababu mwenye trekta kabla yake alikuwa akiizunguka pia.