Samaki Mmoja, Majina Mengi

Atokaye Goma kwenda Masisi hufuata ziwa Kivu mpaka Sake, na hapo njia huuacha ufuko na kupanda milimani. Sokoni Sake tuliwakuta wanawake wawili wakibishana juu ya samaki wadogo wakavu.

“Hizi ni sambaza, mama,” alisema mchuuzi.

“Kwetu Uvira ni ndakala, dada,” akajibu mnunuzi.

Ni nani aliyesema kweli? Maji ya Kivu hushuka kwa mto Ruzizi mpaka Tanganyika, lakini maporomoko yake yaliwazuia samaki kupanda. Karibu na mwaka 1959 sambaza walichukuliwa Tanganyika wakatiwa Kivu, wakaongezeka, wakawa riziki ya watu. Huko Tanganyika wanaye ndugu yao wa karibu, na wote wawili wakianikwa pamoja huitwa ndakala. Watanzania husema dagaa. Lakini angalieni: dagaa wa ziwa Victoria, ambaye Wajaluo humwita omena na Waganda mukene, ni wa ukoo mwingine kabisa. Basi wanawake wale wote wawili walisema kweli.

Tulivuka malisho ya Masisi, tukashuka katika msitu wa Walikale, penye mto Lowa. Maji ya huko hayaendi Kivu, bali Lualaba. Samaki ni wengine, na majina pia. Kambale wa Waswahili huitwa ngolo na wasemao Lingala, nao Wanyanga wana jina lao wenyewe. Akina mama huziba kijito kwa miti na udongo, huyateka maji, kisha huokota samaki. Bibi mmoja alituambia, “Mtoto asemaye ‘samaki’ tu, bado hajajua kuvua.”

Neno hilo lilituchoma moyo. Vita vimezitawanya jamaa nyingi za Masisi na Walikale. Mtoto aliyekulia kambini humjua samaki wa kununua, lakini samaki wa kijito cha kwao hana jina kinywani mwake. Bibi akifariki, jina hufuatana naye kaburini.

Kwa hiyo, enyi wanafunzi, twaeni daftari, mketi karibu na wazee. Andikeni jina la kila samaki kama wanavyolitamka, pamoja na jina la mto alikovuliwa. Kazi hii haina gharama, ila haingojei.