Maharage ya Uani, Buyenzi

Msafiri atokaye Kigoma kwenda Bujumbura kwa njia ya nchi kavu huvuka mpaka Manyovu, huingia Mugina upande wa Burundi, kisha huteremka hadi Nyanza-Lac na kuandamana na Ziwa Tanganyika mkono wake wa kushoto mpaka mjini. Njiani hupita Rumonge, nchi ya michikichi, ambako mawese huuzwa kandokando ya barabara katika madumu ya rangi ya manjano. Mimi nilinunua lita 2. Kilomita chache kabla ya mji, pale Mugere, lipo jiwe lililochorwa majina ya Livingstone na Stanley na mwaka 1871. Nililitazama kupitia dirisha la basi, nikaendelea na safari.

Mwenyeji wangu, mtumishi wa serikali kama mimi, anakaa na mama yake mzazi katika mtaa wa Buyenzi. Ndugu msomaji, ukifika Buyenzi utadhani hukuvuka mpaka wowote. Barabara zake zinaitwa kwa namba, misikiti haiko mbali mmoja na mwingine, na Kiswahili kinasemwa tangu mafundi wa magari hadi watoto wachezao mpira wa matambara. Wazee wa mtaa huo wana asili ya pande nyingi: Umanyema, Ujiji, na vilima vya Burundi yenyewe. Mji wenyewe uliitwa Usumbura hadi uhuru wa mwaka 1962. Mwaka 2019 Gitega ulifanywa kuwa makao makuu ya kisiasa, lakini biashara na bandari zimebaki Bujumbura.

Uani kwa mwenyeji wangu niliona kitu kilichonirudisha nyuma miaka mingi: chungu cha chuma cha kusubu, cheusi, kizito, chenye miguu mitatu mifupi na mfuniko ulioinuliwa ukingo. Nilipokuwa chuo cha ualimu, mkufunzi mmoja wa kigeni alikuwa na chungu kama hicho. Kila Jumamosi alikiweka juu ya makaa nje ya nyumba yake, akarundika makaa mengine juu ya mfuniko, akapika humo supu ya maharage na paja la nguruwe lililokaushwa kwa moshi. Sisi wanachuo tulipewa bakuli moja moja, na ladha ile haijanitoka. Vyungu vya namna hiyo si vya jana. Mwaka 1707 Mwingereza Abraham Darby alipewa hati ya serikali ya kusubu vyungu vya chuma katika mchanga. Hata leo mafundi wetu wa mitaani husubu sufuria za alumini kwa kalibu za mchanga vilevile.

Basi siku ya Ijumaa nilikwenda katikati ya mji, nikapata duka linalouza paja la namna ile, nikanunua kilo moja. Nilikuwa nimepatana na wenzangu wawili wa mtaa wa Ngagara kwamba Jumapili tutapika ufukweni mwa ziwa. Kilichobaki ni chungu. Niliporudi nilimwendea mama wa nyumba, nikamwamkia, nikamwomba aniazime.

“Chukua, mwanangu,” alisema. “Utapikia nini?”

Nakiri kwamba ulimi wangu ulikaribia kusema nyama ya ng’ombe. Hakuna ambaye angejua. Chungu kingeoshwa kikarudi. Lakini yule mama alikuwa akinitazama usoni, nami nilikuwa nimelala chini ya paa lake kwa siku 3. Nikamwambia kweli.

Hakunikaripia. Alikaa kimya kidogo, kisha akaniambia kwamba chungu kile si chake peke yake. Ni cha nyumba zote za safu ile. Kikitokea kifo, ndicho kinachopika maharage ya matanga. Kikiwapo kisomo cha maulidi, ndicho kinachopalia wali. Jumatatu kilikuwa kinakwenda nyumba ya nne kutoka pale, kwenye hitima ya mzee mmoja. “Ungeninyamazia, mwanangu, nami nisingejua. Watu wangekula, na ningekuwa nimewalisha mimi.”

Niliona haya, nikaomba radhi. Naye, kama mtu anayemaliza shauri, akanituma nikachambue maharage.

Akina mama msomao ukurasa huu mwajua kupika maharage kuliko mimi. Niliyoyaona pale nayaeleza kwa ajili ya waume zenu. Tulichambua kilo moja, tukayaosha na kuyaloweka usiku kucha. Asubuhi maji ya kulowekea yalimwagwa, yakatiwa mapya kupita usawa wa maharage kwa vidole vinne. Moto wa kwanza ulikuwa mkali, chungu kikatokota kwa nguvu nusu saa nzima. Jambo hili lisipuuzwe. Maharage mabichi, hasa mekundu, yana sumu ya asili inayoumiza tumbo na kutapisha. Huharibiwa na mtokoto mkali, lakini moto wa pole tangu mwanzo hauiondoi. Baada ya hapo makaa yalipunguzwa, machache yakapaliwa juu ya mfuniko, na mama akaingia ndani kushona. Chuma kizito hushika joto, mfuniko huzuia mvuke, na makaa yaliyotumika hayakujaza hata kopo mbili. Maji yalipopungua aliongeza ya moto.

Mama alinieleza kwamba dada yake aliyeolewa milimani hupika maharage yaleyale kwa muda mrefu zaidi. Anasema kweli. Ziwa lipo mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari, na maji huchemka kwenye nyuzi 97. Milimani, kupita mita 2,000, huchemka kwenye 93 tu. Askari aliyewahi kupiga kambi mlimani na kula maharage yanayogonga meno asimlaumu mpishi kabla ya kuuliza urefu wa mlima.

Nyanya hazikutiwa mpaka maharage yalipolainika, kwa kuwa uchachu wake huyachelewesha. Ndipo alipoleta mukeke wawili, samaki ambao Kigoma tunawaita migebuka, waliopakwa chumvi. Aliwachoma polepole juu ya makaa yenye moshi hadi ngozi ikawa nyeusi, akawachambua miiba yote kwa vidole, akawatia chunguni pamoja na vitunguu vilivyokaangwa kwa mawese yangu ya Rumonge. Nilipoonja nilinyamaza. Chumvi ilikuwapo, moshi ulikuwapo, mafuta yalikuwapo. Paja la mkufunzi wangu lilikuwa limepata ndugu yake wa ziwani. Tulikula kwa ugali wa muhogo, sisi na jirani wawili, jioni ile ya Jumamosi.

Jumapili nilikwenda ufukweni na wenzangu wa Ngagara, na nyama yangu, na sufuria yao ya bati jembamba. Supu ilikuwa nzuri sehemu ya juu. Chini iliungua, kwa kuwa tulikuwa tukitazama viboko.

Niliporudi jioni nilimkuta mama amekwisha kusugua chungu kwa jivu, amekikausha motoni na kukipaka mafuta ndani na nje kisishike kutu. Asubuhi ya Jumatatu alinionyesha kwa kidole. Nikakishika mkono mmoja, mwanawe akashika wa pili, tukakibeba hadi nyumba ya nne, ambako wanawake walikuwa wamekwisha kuwasha moto.