Bibi Hayumo Pichani

Sebuleni kwangu, hapa Mwanga, Kigoma, ipo picha moja ukutani ambayo wageni huisifu sana. Ni ya familia yetu. Ilipigwa nje ya kanisa, Jumapili moja ya Desemba 1996, siku binti yetu mkubwa alipopata kipaimara. Baba watoto amevaa suti. Mimi nimevaa kitenge kipya, na kilemba cha kitambaa hicho hicho. Watoto wamechanwa nywele, na viatu vyao vinang'aa kwa kiwi. Wageni husema, "Hii kweli ni familia ya Kikristo." Mimi huitikia kwa kushukuru, lakini moyo hunichoma, kwa maana najua ni nani hayumo katika picha ile, na kwa nini hayumo.

Ndugu msomaji, niruhusu nikusimulie jambo hilo, ingawa halinipi sifa.

Mama mkwe wangu alikuwa mjane wa Kiha aliyeishi Kibirizi, kaskazini kidogo mwa mji, kwenye mwalo wa wavuvi. Aliwasomesha wanawe wote kwa dagaa. Aliyefika kwetu anaijua kazi hiyo. Usiku wa giza, mwezi usipokuwapo, wavuvi huingia ziwani na taa zao, na ukisimama ufukweni utadhani kuna mji mwingine unaowaka juu ya maji. Dagaa huufuata mwanga, nao wavu huinuliwa. Mitumbwi inaporudi alfajiri, wanawake wamekwisha kufika na mabeseni yao. Zamani zile wengi walianika juu ya mchanga. Ilimpasa mtu ashinde juani akigeuza dagaa na kufukuza kunguru, na wingu likitanda akimbie kukusanya kabla hawajaharibika. Mtu akiifanya kazi hiyo kwa miaka mingi, harufu yake haitoki kwa sabuni.

Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na mume wangu karani bandarini. Kanisani tulijulikana. Jumamosi jioni nyumba yangu ilikuwa kama ya dobi: pasi ya mkaa ilifuka moshi, viatu vilipangwa mstari, kola zilitiwa wanga. Leo nikikumbuka naona haya. Mtoto aliyechafua gauni lake alichapwa, lakini mtoto aliyemtukana mwenzake aliambiwa tu, "Nyamaza, tutachelewa." Mimi mwenyewe niliweza kugombana na baba watoto njia nzima, kisha tukafika mlangoni mwa kanisa tukitabasamu.

Kipaimara kilipokaribia, niliwaza habari ya mama mkwe na kanga yake iliyochakaa. Nikanunua kitenge kizuri, nikamshonea gauni, nikampelekea Kibirizi. Nilimwambia, "Mama, hii ni zawadi yako ya sherehe." Alipiga makofi polepole kwa kushukuru, kama ilivyo desturi ya wanawake wa Kiha. Lakini kusema kweli haikuwa zawadi. Nilikuwa nafunika aibu yangu mwenyewe.

Siku ilipofika, alikuja kwa miguu kutoka Kibirizi, na kikapu cha dagaa kichwani, kandambili miguuni, na kanga ile ile. Gauni hakulivaa. Nilikasirika mno. Nilimketisha benchi la nyuma kabisa, nikasema huko kuna hewa nzuri. Ibada ilipokwisha na mpiga picha akatuita, nilimsogelea nikamwambia, "Mama, tafadhali tangulia nyumbani ukawaangalie wapishi. Sisi tunakuja." Akaitika, akaenda. Baba watoto alikuwa akisalimiana na wazee. Alipogeuka na kumuuliza mama yake yuko wapi, picha ilikuwa imekwisha kupigwa.

Usiku ule binti yangu alinifuata jikoni. Akaniuliza, "Mama, umemwondoa Bibi kwa sababu ananuka dagaa?" Nikamjibu, "Hapana, mwanangu." Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Leo nimeahidi mbele ya watu wote kwamba nitaishi katika kweli. Naomba na wewe uniambie kweli." Sikuwa na jibu. Mwanangu alikuwa amesimama mbele yangu na lile gauni jeupe nililolipiga pasi mara mbili, na ndani yake alikuwa msafi kuliko mimi.

Baba watoto hakunigombeza. Si tabia yake. Kabla ya kulala alinisimulia tu habari ya meli ya Liemba, ambayo aliiona kila siku kazini. Alisema Wajerumani waliiunda kule kwao mwaka 1913, wakaileta vipande vipande, wakaiunga hapa Kigoma. Mwaka 1916, waliposhindwa vita katika ziwa hili, waliizamisha wenyewe. Lakini kwanza mafundi waliipaka mitambo yake grisi nene. Waingereza walipoiibua mwaka 1924, walikuta mitambo bado inafaa, na mwaka 1927 meli ilianza tena safari. "Rangi ya nje haikuiokoa," alisema. "Kilichoiokoa ni kile kilichopakwa mahali pasipoonekana." Kisha akageukia ukutani akalala. Mimi sikulala.

Siku ya pili yake nilikwenda Kibirizi. Sitakudanganya kwamba nilikwenda kuomba radhi. Nilikwenda kuuliza gauni liko wapi. Mwaka ule, kuanzia Oktoba, vita vya mashariki ya Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, viliwaleta watu kwa maelfu kuvuka ziwa. Uani kwa mama mkwe nilimkuta mwanamke mgeni, mdogo wa umri, amekaa kivulini. Kitenge changu nilikitambua mara moja. Mishono ya gauni ilikuwa imefumuliwa. Kipande kimoja alijifunga, na kipande kingine alimbebea mtoto mchanga mgongoni.

Mama mkwe aliona ninavyotazama. Akasema, "Nisamehe, mwanangu. Alishuka kwenye boti hana kitu, na mtoto amemfunga kwenye gunia. Nguo zangu nyingine zina harufu. Niliona aibu kumpa mgeni nguo inayonuka, nikampa ile safi."

Maneno yale yaliniingia mwilini kama baridi. Kumbe sote wawili tuliionea aibu harufu ile ile! Mimi aibu yangu ilinifanya nimfukuze mama kwenye sherehe ya mjukuu wake, na yeye aibu yake ilimfanya atoe nguo bora kuliko zote alizokuwa nazo. Nilipiga magoti palepale mchangani, nikamwomba radhi kwa habari ya benchi na kwa habari ya picha. Aliniinua, akatazama milima ya ng'ambo ya ziwa, akasema, "Mvua inakuja, mwanangu. Nisaidie kukusanya dagaa." Tukakusanya, sisi wawili na yule mgeni, ambaye baadaye alipelekwa kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu. Nilirudi nyumbani jioni nikinuka dagaa mikono na nguo.

Wazee walisema, uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Na sisi tunaosoma Biblia tunajua jinsi Samweli alivyotaka kumpaka mafuta mwana wa kwanza wa Yese kwa sababu ya umbo na urefu wake, naye Mungu akamkataza, kwa kuwa Yeye huangalia moyo. Habari hiyo niliwafundisha watoto wa shule mara nyingi. Nyumbani kwangu sikuitenda. Sisemi usafi ni dhambi, wala sisifu uchafu. Hata leo napiga pasi nguo za kanisani. Ila tangu mwaka ule tulianza desturi ndogo: Jumamosi jioni, kabla ya pasi kuwashwa, kila aliyemkosea mwenzake nyumbani alimwomba radhi, mimi na baba watoto tukitangulia. Siku nyingine ilikuwa vigumu, nikatamani kuanza na nguo.

Mama mkwe alifariki mwaka 2003. Tulipotafuta picha yake ya kuweka juu ya jeneza, hatukupata hata moja. Maisha yake yote hakuna aliyempiga picha, na siku moja ambayo ingewezekana, mimi nilimtuma jikoni.

Watoto waliwahi kuniambia niishushe picha ile. Nimekataa. Mgeni anapoisifu, siku hizi siitikii tu kwa kushukuru. Humkaribisha akae, nikamwonyesha nafasi iliyo karibu na binti yangu, upande wa kulia, nikamwambia kwamba hapo ndipo angesimama Bibi.