Nani Kaiacha Taa ya Nje?

Sura ya nne ya riwaya yangu imekwama kwenye roshani ya meli. Mhusika wangu ni binti wa Temeke aliyepata kazi ya kusafisha vyumba kwenye meli ya kitalii, zile zinazobeba watu elfu mbili, elfu tatu, na kuwazungusha baharini kama daladala isiyo na kituo cha mwisho. Usiku mmoja anaingia chumba cha mgeni kutandika kitanda. Mgeni hayupo. Binti anafungua mlango wa kioo, anatoka kwenye roshani, au balkoni kama tunavyosema mtaani. Taa ya nje inawaka. Sasa swali, ndugu msomaji: anaona nini?

Kwenye kikundi chetu cha uandishi, tunaokutana Mwananyamala kila Jumamosi, mwenzangu mmoja alidakia haraka. Eti anaona bahari, mwezi, na mawimbi yanayong'aa kama fedha. Nikamwambia, bwana wee, leo usiku ukifika kwako kaa barazani chini ya globu, tazama gizani, halafu Jumamosi ijayo uje utuambie umeona nini. Utaona mbu. Utaona mwisho wa mwanga, basi. Anayepita barabarani atakuona mpaka vifungo vya shati, wewe humwoni hata akisimama hatua kumi. Hilo kila mtu wa uswahilini analijua, ndiyo maana ukisikia kishindo cha mtu uani usiku, mwenye akili anazima taa kwanza ndipo achungulie.

"Sasa mwezi wangu uende wapi?" akauliza. Mwezi ubaki huko huko juu, nikamwambia, ila binti hauoni vizuri. Hatukuelewana mpaka leo.

Mimi sijawahi kupanda meli ya kitalii. Chombo changu ni pantoni la Kigamboni. Lakini mlango wa bandari yetu ni mwembamba, meli kubwa hupita kati ya Magogoni na Kigamboni karibu kabisa na watu, na ikipita, pantoni linasubiri. Jioni moja nilikuwa nimebanwa humo baina ya bajaji na mama mwenye ndoo ya samaki, meli ya kitalii ikawa inatoka. Kigiza kilikuwa kimeshaingia. Ghorofa juu ya ghorofa, roshani juu ya roshani. Nilihesabu safu saba nikapoteza hesabu. Kilichonishangaza ni kwamba roshani nyingi zilikuwa giza. Mwanga ulikuwa ndani, nyuma ya mapazia, na hapa na pale roshani moja moja imewaka na mtu kasimama. Abiria wa pantoni wakampungia mmoja wao, mzee wa kizungu mwenye shati jeupe. Hakujibu. Mama wa ndoo akasonya: "Anaringa huyo." Mimi nadhani hakutuona. Pantoni lilikuwa na taa mbili tatu tu, sisi tuko kwenye giza, na yeye kasimama kwenye mwanga wake kama samaki ndani ya chupa.

Kwa bahati nina mwalimu wa mambo haya. Nyumba ninayopanga iko Mtoni, vyumba sita, na mama mwenye nyumba anakaa chumba cha mbele. Mwanawe wa pili ni mhudumu wa vyumba kwenye meli za kitalii. Anakwenda kwa mkataba, miezi kadhaa baharini, anarudi anakaa miezi miwili, anaondoka tena. Likizo iliyopita nilimvizia barazani na daftari langu.

"Kaka, ile taa ya roshani inawashwa wapi?"

Akacheka mpaka akaweka kikombe chini. "Mdogo wangu, watu wote hapa mtaani huniuliza mshahara. Wewe unaniuliza swichi!"

Lakini alinieleza, tena kwa raha. Alisema inategemea na meli. Kuna meli ambazo swichi iko chumbani, karibu na mlango wa kioo, na mgeni anawasha na kuzima anavyotaka. Kuna nyingine mgeni hana swichi kabisa. Taa zote za nje zinaendeshwa na wenye meli, jua likizama zinawaka, saa fulani zinazimika, na ukilalamika unapewa pole. Na vyumba vya mbele kabisa, vilivyo karibu na chumba cha usukani, vina sheria yake: giza likiingia, mapazia yafungwe, taa ya roshani isiwake. Kikaratasi cha kumkumbusha mgeni kinawekwa chumbani. Yeye mwenyewe, anapopita jioni kutandika vitanda, mkono wa kwanza unakwenda kwenye pazia. Wageni wengine hununa. Mtu kalipa fedha nyingi alale mbele ya meli, halafu kijana wa Temeke anamwambia funga pazia!

Sababu ni macho. Jicho la binadamu likitoka kwenye mwanga huchukua dakika ishirini, hata thelathini, kuzoea giza sawasawa. Baharia wa zamu pale juu anatazama mbele usiku kucha, anatafuta taa ndogo ya chombo kingine. Mwanga mmoja wa roshani ukimpiga usoni, au ukaakisiwa kwenye kioo chake, dakika zake ishirini zimeharibika, aanze upya. Meli ya mamia ya mita haina breki kama bajaji. Aone mapema au asione. Na hili si roho mbaya ya nahodha. Kanuni za Kimataifa za Kuzuia Migongano Baharini, zile za mwaka 1972, katika kanuni ya 20 zinakataza tangu jua kuzama hadi kuchomoza kuwasha taa yoyote inayoweza kudhaniwa kuwa taa ya kuongozea chombo, au inayofifisha taa hizo, au inayomsumbua mtu wa zamu.

Hapo ndipo nilipopata somo ambalo sikulitarajia. Taa za meli zina lugha yake. Nyekundu iko kushoto, kijani kulia, nyeupe nyuma kwenye tezi, na meli ya mita 50 au zaidi inapotembea hubeba nyeupe mbili juu ya milingoti, ya nyuma ikiwa juu kuliko ya mbele. Mvuvi aliye kwenye ngalawa akiona nyekundu peke yake, anajua anatazama ubavu wa kushoto wa meli. Akiona kijani peke yake, ubavu wa kulia. Akiziona zote mbili kwa pamoja, nyekundu na kijani, ajue meli imemwelekezea pua, na kazi iliyobaki ni kupiga kasia. Sasa hebu fikiria meli yenye roshani mia tano, kila moja na globu yake, na disko juu, na bwawa la kuogelea linalomulikwa. Zile taa mbili za rangi zimo humo humo, kama mtu anayenong'ona kwenye muziki wa harusi. Mvuvi anaona mji mzima unatembea, lakini hajui unakwenda wapi.

Na wavuvi wetu ni watu wa giza. Wale wa dagaa husubiri usiku usio na mwezi, wawashe karabai au hizi taa za kisasa za betri, dagaa wakusanyike chini ya mwanga, ndipo wavu uzungushwe. Mwezi ukiwa mkubwa wanapumzika, maana taa yao haina nguvu ya kuita. Kule fukwe za Kigamboni, ambako kasa hutaga, watoto wa kasa wakitoka mchangani usiku hukimbilia upande wenye mwanga zaidi, kwa kuwa tangu dunia iumbwe upande huo ulikuwa bahari. Siku hizi unaweza kuwa taa ya hoteli. Taa ya nje, msomaji, huita. Aliyeiwasha hachagui nani aje.

Wenye meli walilijua hilo vizuri kwenye bahari yetu hii. Tarehe 5 Novemba 2005 meli ya kitalii Seabourn Spirit ilikuwa safarini kutoka Misri kuja Mombasa, ikashambuliwa na maharamia kwenye pwani ya Somalia, kwa bunduki na maroketi. Iliponyoka. Katika miaka iliyofuata, meli za abiria zilizopita huko ziliwatangazia wageni mambo ambayo bibi zetu wangeyaelewa mara moja: taa za roshani zizimwe, mapazia yafungwe, usikae nje. Roshani ile ile ambayo mtu aliilipia ili atazame bahari ikawa mahali pa kujificha.

Inachekesha kwamba roshani zenyewe si za zamani sana. Meli za abiria za babu zetu zilikuwa na matundu ya duara tu, na vyumba vingi havikuwa hata na tundu. Mwaka 1984 ilipoanza safari Royal Princess, sifa yake kubwa ilikuwa kwamba vyumba vyote vya wageni vinatazama nje. Baadaye roshani zikazidi, mpaka leo meli ya kitalii isiyo na roshani ni kama gesti isiyo na feni. Kwa hiyo ugomvi huu wa nani azime taa ya nje una umri mdogo kuliko mama mwenye nyumba wangu.

Basi binti wangu wa sura ya nne nimeshampa kazi. Anatoka kwenye roshani, anazima taa, na anasimama. Tatizo ni zile dakika ishirini. Utamwandikaje mtu asiyeona kitu kwa dakika ishirini, bila msomaji kufunga kitabu? Nimefika dakika ya tano. Mpaka sasa anasikia maji na harufu ya rangi.

Wakati nahangaika na hilo, hapa nyumbani nako kukawaka. Tangu mwanawe alipoondoka safari ya kwanza, mama huacha taa ya barazani iwake usiku kucha, jua likizama mpaka adhana ya alfajiri. Ilikuwa globu ya kizamani ya wati 60. Nyumba nzima tuna mita moja ya LUKU, na tunachanga sawasawa kila chumba. Fundi cherehani wa chumba cha tatu ana kichwa cha hesabu, alitukalisha uani akatupigia: wati 60 mara saa 12, mara siku 30, ni uniti 21 na ushee kwa mwezi. "Tunamulikia nani?" akauliza. "Wezi?" Wapangaji wakaguna kumuunga mkono, wengine wakimtazama mama kwa jicho la pembeni.

Mama alikuwa anachambua mchele. Hakuinua uso. "Mwanangu yuko kwenye giza la bahari," alisema, "nyie mnataka nizime taa."

Ungejibu nini hapo? Kikao kikavunjika. Wakanituma mimi, kwa kuwa nimefika kidato cha nne na ndiye ninayewasiliana na kaka kwa simu. Nikamtumia ujumbe wa sauti, nikamweleza yote, na hesabu ya fundi nikaitia. Siku ya kwanza kimya. Ya pili, ya tatu. Tulijua yuko safari ndefu na intaneti ya melini ni ghali, lakini kujua ni kitu kingine na usiku ni kitu kingine. Mama akaanza kukaa nje chini ya globu yake mpaka saa sita, saa saba, kanga begani, simu mapajani. Hakuna aliyethubutu kumgusia uniti. Siku ya nane fundi mwenyewe alinunua umeme peke yake, hakudai mchango.

Siku ya tisa kaka akajibu. Ujumbe wa kwanza ulikuwa mfupi: "Mwambie Mama azime, mimi huku ndiyo kazi yangu kutwa, kuzima taa za watu." Baada ya dakika mbili ukaja mwingine: "Usimwambie hivyo. Mwambie hiyo taa nailipia mimi." Na kweli alituma hela.

Ningependa kusema yakaisha. Fundi akasema hela si hoja tena, mwanga unaingia kwenye tundu la dirisha lake na halali, na kesho ana sare za shule za kushona. Hapo nikakumbuka vyumba vya mbele vya meli. Sina pazia la kuifunga baraza, lakini nilikuwa na kopo tupu la maziwa ya unga. Nililitoboa kitako, nikabadilisha globu nikaweka taa ya LED ya wati 5, ambayo kwa mwezi haifiki hata uniti mbili, nikaivisha kopo kama kofia. Mwanga ukashuka chini peke yake: kizingiti, ndala za watu, na mkeka wa mama. Dirisha la fundi likawa giza.

Mama alitoka akatazama juu bila kusema neno. Akavuka uwanja, akaenda mpaka barabarani kwenye duka la vocha, akageuka akaitazama nyumba kutoka huko. Alikaa kidogo. Aliporudi akasema, "Mlango unaonekana." Alipofika kizingitini akaongeza kwamba taa nyeupe namna hii ni ya hospitali, na kaka akirudi atafute globu ya njano.

Mpaka naandika haya kopo lipo. Globu ya njano ya wati 5 nimeiulizia Tandika, nimeambiwa nije Ijumaa.